Ibn Khaldun: Kadhi Aliyetambua Nguvu ya Watu Kushikamana

Siku hizi kazi ya usimamizi imekuwa elimu yenye walimu wake, vyuo vyake na vitabu vyake. Kijana wa Pwani, awe ametoka Lamu, Malindi au Mombasa, akienda chuoni kujifunza umeneja hufunzwa majina mengi ya Wamarekani na Wazungu. Huambiwa kwanza habari za Frederick Taylor, yule mhandisi wa Marekani aliyetoa kitabu chake mwaka 1911. Taylor aliona kwamba kazi ya kiwandani yaweza kupimwa kwa saa, tendo baada ya tendo, na kwamba mfanyakazi akilipwa kwa kadiri ya kazi yake ataongeza bidii.

Halafu kijana huyo huambiwa kwamba fikira hiyo ilionekana kuwa na upungufu. Kuanzia mwaka 1924 hadi miaka ya mwanzo ya 1930, uchunguzi ulifanywa katika kiwanda cha Hawthorne, mali ya kampuni ya Western Electric, karibu na Chicago. Profesa Elton Mayo ndiye aliyekuja kuwa msemaji mashuhuri wa uchunguzi huo. Wachunguzi walipoongeza mwanga wa taa kazi iliongezeka, na walipoupunguza haikupungua kama walivyotazamia. Katika chumba kimoja cha mafundi wa nyaya, wanaume 14 walikuwa wamejiwekea wenyewe kipimo cha kazi ya siku, na aliyekizidisha aliudhiwa na wenzake, hata kama ujira ungepanda. Wataalamu wa baadaye wamebishana sana juu ya hesabu za majaribio hayo, lakini jambo moja lilibaki: mtu haendi kazini peke yake. Huenda na wenzake, na desturi zake, na yale anayoyaonea haya mbele ya watu. Mwaka 1980 Mholanzi Geert Hofstede naye alitoa kitabu juu ya wafanyakazi wa kampuni moja, IBM, katika nchi nyingi, akaonyesha kwamba amri ile ile hupokewa vingine kila nchi kwa sababu ya mila za wanaoipokea.

Hiyo ni elimu njema, wala hapana ubaya kuichukua. Lakini haifai kudhani kwamba hapana aliyelifikiria jambo hili kabla ya viwanda vya Marekani kujengwa. Zaidi ya miaka 600 iliyopita, mwanachuoni mmoja wa Kiislamu aliyewahi kuwa karani, waziri, mfungwa, mjumbe, mwalimu na kadhi, aliandika kitabu kueleza kwa nini kundi la watu huweza kufanya kazi kubwa pamoja, na kwa nini kundi hilo hilo huvunjika likiisha kufanikiwa. Mtu huyo ni Abdurrahman bin Muhammad, ajulikanaye ulimwenguni kwa jina la ukoo wake, Ibn Khaldun. Maisha yake yenyewe ni darasa, kwa maana aliyoyaandika aliyapata kwa kuumia.

UKOO WA KIHADHRAMI

Ibn Khaldun alizaliwa Tunis tarehe mosi Ramadhani mwaka 732 Hijria, yaani Mei 1332. Wasomaji wetu wengi watapendezwa kusikia kwamba ukoo wake ulijinasibu na Hadhramaut, na yeye mwenyewe alitumia nisba ya Al-Hadhrami maisha yake yote. Wazee wake walihamia Andalusia, wakakaa katika mji wa Seville na kuwa watu wa cheo huko. Walipoona Wakristo wanakaribia, waliondoka kabla ya mji kutekwa mwaka 1248, wakavuka bahari na mwishowe wakatua Tunis. Kwa hiyo mtoto huyu alikulia katika nyumba iliyojua vizuri maana ya kuwa mkubwa leo na mgeni kesho.

Alihifadhi Qurani, akasoma Hadithi, nahau na fikihi ya madhehebu ya Imamu Malik. Mwaka 1347 Sultani Abul Hasan wa Fez aliiteka Tunis na kuingia na kundi la wanavyuoni. Mmoja wao, Al-Abili, alimfunza kijana huyu hesabu, mantiki na falsafa, na Ibn Khaldun hakuacha kumtaja kwa heshima hata uzeeni.

Raha hiyo haikudumu. Mwaka uliofuata tauni iliingia Tunis. Ndiyo tauni ile iliyopita Misri, Shamu, Afrika ya Kaskazini na Ulaya, ikafagia watu wasiohesabika. Ibn Khaldun, akiwa na umri wa miaka 17 hivi, alipoteza baba, mama na wengi wa walimu wake. Baadaye aliandika kwamba ulikuwa kana kwamba ulimwengu mzima umegeuka. Haikosi msiba huo ndio uliomwanzisha kuuliza swali lililomsumbua maisha yake yote: ni kitu gani kinachowaweka watu pamoja hata wakawa mji, dola au jeshi, na ni kitu gani kinachowatawanya?

KUPANDA NA KUSHUKA

Kazi yake ya kwanza, akiwa na miaka 20 hivi, ilikuwa ndogo kwa mtu wa ukoo wake. Katika ofisi ya mtawala wa Tunis alipewa kalamu nene aandike maneno ya kumhimidi na kumshukuru Mungu juu ya barua za serikali. Hakukaa sana. Mwaka 1354 alikwenda Fez kwa Sultani Abu Inan, akaingia katika baraza la wanavyuoni na kuwa karani.

Huko Fez kulikuwa na msafiri maarufu, Ibn Battuta wa Tangier, ambaye mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa, na mwaka 1355 masimulizi yake yalikuwa yanaandikwa kitabu kwa amri ya Sultani huyo huyo. Watu wa baraza walimcheka Ibn Battuta na kumwona mwongo kwa yale aliyoyasimulia juu ya utajiri wa mfalme wa Delhi. Ibn Khaldun naye alitia shaka. Ndipo waziri mmoja, Faris bin Wadrar, alipomwonya asikanushe kitu kwa sababu tu hajakiona, akampa mfano wa mtoto aliyekulia gerezani pamoja na baba yake. Mtoto huyo hakupata kuona mnyama ila panya, basi kila alipoelezwa juu ya kondoo au ngamia aliuliza kama ni wa jinsi ya panya. Ibn Khaldun aliukumbuka mfano huo na kuutia kitabuni mwake. Maana yake ni kwamba kila mtu hupima dunia kwa kipimo cha mahali alipolelewa, na mwenye kutawala watu wa mila nyingine bila ya kulijua hilo huwa kama mtoto yule.

Mwaka 1357 alishukiwa kula njama na amiri mmoja aliyekuwa amezuiliwa Fez, akatiwa gerezani. Alikaa humo karibu miaka miwili mpaka Abu Inan alipokufa. Alipofunguliwa alimtumikia sultani mwingine, na huyo alipouawa akavuka kwenda Granada, ambako alipokewa vizuri na Sultani Muhammad wa Tano na waziri wake, mshairi na mwanachuoni Ibn al-Khatib. Alitumwa kuwa mjumbe wa sulhu kwa Mfalme Pedro wa Castile katika mji ule ule wa Seville walimotoka wazee wake. Pedro alimtaka abaki, akaahidi kumrudishia mali ya mababu zake. Ibn Khaldun alikataa kwa adabu na kurudi kwa Waislamu wenzake.

Mwaka 1365 alipata alichokuwa akikitamani. Amiri wa Bijaya, ambao leo ni mji wa Algeria, alimfanya hajib, yaani waziri mkubwa mwenye kushika mambo yote. Asubuhi alikaa barazani, kisha akaingia msikitini kusomesha. Alikwenda milimani yeye mwenyewe kuwatoza kodi Waberiberi. Lakini chini ya miaka miwili binamu ya amiri huyo, mtawala wa Constantine, alimshambulia na kumuua. Baadhi ya wakubwa wa mji walimtaka Ibn Khaldun amtawaze mmoja wa watoto wa marehemu na kuendesha vita. Hakukubali. Alitoka akaukabidhi mji kwa mshindi, na alipoona mshindi naye ameanza kumtilia shaka, akatoroka.

Miaka iliyofuata aliishi Biskra na katika jangwa, akiwa kama wakala wa masultani mbalimbali, kazi yake kuyavuta makabila ya Waarabu upande wa huyu au wa yule. Wengi wamemlaumu kwa tabia hiyo ya kubadili mabwana, na lawama hiyo si ya bure. Hata hivyo katika miaka hiyo alijifunza jambo ambalo watu wa makasri hawakulijua. Aliona jinsi watu wa jangwani, wasio na mishahara wala ofisi, walivyoweza kusimama pamoja usiku na mchana kwa neno la mzee wao, hali masultani wenye hazina iliyojaa walikimbiwa na askari wao siku ya vita.

MIEZI MITANO NGOMENI

Rafiki yake Ibn al-Khatib alikimbilia Fez, akatiwa gerezani, na Ibn Khaldun alijaribu kumwombea bila ya kufanikiwa. Waziri huyo alinyongwa gerezani. Ibn Khaldun alichoka na siasa. Mwaka 1375 aliomba hifadhi kwa kabila la Awlad Arif, wakampa nafasi katika ngome ya Ibn Salama, mahali pa upweke katika nchi ya Algeria ya leo. Alikaa huko karibu miaka minne pamoja na watu wa nyumbani kwake.

Humo ndimo alimoandika kitabu kinachoitwa Muqaddimah, yaani utangulizi wa historia yake kubwa. Muswada wa kwanza aliumaliza kwa miezi mitano tu, mwaka 779 Hijria, sawa na 1377. Alikuwa na miaka 45, hana cheo, hana bwana, na vitabu alivyovihitaji vilikuwa mbali. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu ya kila alilolitenda na kutendewa.

SIRI YENYEWE

Ibn Khaldun alianza na mkate. Chakula cha siku moja cha mtu mmoja, alieleza, hakipatikani ila ngano isagwe, ikandwe na kuokwa. Kila moja ya kazi hizo yataka vyombo, na vyombo vyataka mhunzi, seremala na mfinyanzi. Na kabla ya hapo yuko mkulima na mvunaji. Hapana binadamu awezaye yote hayo peke yake. Lakini wengi wakisaidiana hupata chakula cha kuwatosha wao na cha kuwazidia mara nyingi. Kwa hiyo kushirikiana si hiari ya watu wema bali ni sharti la uhai.

Basi ni nini kiwafanyacho watu washirikiane kwa moyo? Jibu lake ni neno moja: asabiyya. Waislamu wa Pwani tumezoea kulisikia neno la karibu yake katika mirathi, ambako asaba ni jamaa wa kuumeni warithio baada ya wenye mafungu yao. Asabiyya ni ule mvuto umfanyao mtu aone uchungu wa mwenziwe kuwa uchungu wake, na aibu ya mwenziwe kuwa aibu yake. Asili yake ni damu. Lakini Ibn Khaldun alishikilia kwamba damu peke yake si kitu kama haikuzaa mapenzi na kusaidiana, na kwamba watu wasio wa damu moja waweza kuipata kwa kuishi pamoja, kulelewa pamoja, kulishana viapo, na kuonja tamu na chungu pamoja.

Hapa msomaji aweza kuuliza: je, Mtume (S.A.W.) hakuikataza asabiyya? Swali hilo Ibn Khaldun alilijibu. Alisema kilichokatazwa ni ile ya kijahiliya, ya kujivunia nasaba na kumtetea ndugu katika dhuluma. Ama ile ya kusimamisha haki, hiyo ni chombo kisichoepukika, na hata wito wa dini haukusimama ila kwa watu walioshikamana. Kadhalika alisema dini huizidisha nguvu asabiyya mara nyingi, kwa sababu huondoa husuda na kuelekeza macho ya wote upande mmoja.

Sehemu ya pili ya siri hii ndiyo yenye uchungu. Asabiyya hufa kwa mafanikio. Mwanzoni kiongozi ni mmoja miongoni mwa wenziwe. Hula nao, huwashauri, na ngawira hugawana nao. Akiisha kushika madaraka huanza kutaka sifa iwe yake pekee. Huwasukuma mbali wale waliompandisha na kuleta watumishi wapya wa kukodi, wasio na haki ya kumwuliza neno. Hao wapya humtii kwa sababu ya malipo, basi malipo lazima yazidi kila mwaka. Wale wa zamani huona wamefanywa wageni katika nyumba waliyoijenga. Wakati huo watoto wamezaliwa katika anasa na hawajui taabu ya mwanzo.

Aliihesabu hali hiyo kwa vizazi. Heshima ya nyumba, alisema, kwa kawaida haipiti watu wanne. Wa kwanza ndiye mjenzi, naye anajua gharama ya ujenzi. Wa pili alimwona baba yake akijenga na kusikia kutoka kwake. Wa tatu hufuata desturi tu bila ya kujua sababu yake. Wa nne hudhani kwamba heshima ilikuja na jina, huwadharau wale ambao nyumba yasimama juu yao, nao humwacha na kumtafuta mwingine. Ni nani katika miji yetu asiyeijua biashara moja au mbili zilizokwenda njia hiyo, babu akifungua duka kwa jasho na mjukuu akilifunga kwa kiburi?

UKALI HUHARIBU KAZI

Katika Muqaddimah mna mafunzo mengine ambayo meneja wa leo angedhani yameandikwa juzi. Ibn Khaldun alisema mwanafunzi, mtumwa au mtumishi akilelewa kwa ukali hupoteza uchangamfu, huwa mvivu, na hujifunza kusema uongo na kujionyesha kinyume cha alivyo kwa kuogopa mkono wa bwana wake. Kisha uongo huo huwa ndiyo tabia yake. Vivyo hivyo raia wakichunguzwa kila kosa na kuadhibiwa kwa kila dogo, hujikinga kwa hila, na siku ya shida humwacha mtawala peke yake.

Alikwenda mbali zaidi, akasema hata akili nyingi mno ni aibu kwa kiongozi kama humfanya awatwike watu mambo wasiyoyaweza. Alitoa mfano wa Sayyidna Umar (R.A.) alipomwondoa Ziyad katika kazi yake Iraki. Ziyad alitaka kujua kama amefukuzwa kwa udhaifu au kwa khiyana. Sayyidna Umar akamfahamisha kuwa si hilo wala hilo, ila hakupenda kuwabebesha watu uzito wa akili yake. Wasimamizi hodari wangapi wameshindwa kwa sababu hii, wakidhani ya kuwa walio chini yao ni wajinga, kumbe wamechoka?

Juu ya kodi alieleza kwamba dola changa hutoza kidogo na kupata kingi, na dola kongwe hutoza kingi na kupata kidogo, kwa sababu watu wakiona matunda ya kazi yao yanachukuliwa huacha kufanya kazi. Mwaka 1981 Rais Ronald Reagan wa Marekani alimtaja Ibn Khaldun kwa ajili ya maneno hayo. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba Ibn Khaldun hakusema juu ya kodi pekee. Alisema pia kwamba kumfanyisha mtu kazi kwa nguvu bila ya ujira ni katika dhuluma kubwa kabisa, na kwamba mtawala akijitia kufanya biashara na raia zake atawaua na kujiua, kwa maana hapana mfanyabiashara awezaye kushindana na mwenye amri.

Pamoja na hayo, alikuwa mwanadamu wa zama zake. Aliikataa hadithi isemayo kwamba weusi wa watu watokana na laana ya Nabii Nuhu kwa mwanawe Hamu, akaeleza kuwa ni athari ya jua na hewa. Hapo alifanya vyema. Lakini katika kitabu hicho hicho aliandika maneno ya dharau juu ya watu weusi wa nchi za joto, ambao wengi hakuwaona. Ibn Battuta aliyefika kwetu aliwasifu watu wa Mombasa kwa uchaji na uaminifu, na Sultani wa Kilwa kwa ukarimu wake. Katika hili mwanachuoni wetu alisahau mfano wa panya na kondoo.

KADHI MGENI

Mwaka 1378 alirudi Tunis kutumia maktaba, lakini husuda ya wenye vyeo ilimkuta huko pia. Mwaka 1382 aliomba ruhusa ya kwenda Hija, akapanda chombo hadi Alexandria na kuingia Cairo. Hija yenyewe hakuipata mpaka mwaka 1387, kwa maana Cairo ilimkamata. Sultani Barquq alimpa kazi ya kusomesha, na mwaka 1384 akamfanya Kadhi Mkuu wa madhehebu ya Malik.

Ibn Khaldun aliikuta mahakama imeoza. Walikuwako mashahidi wa kukodiwa, makarani waliojua kugeuza hati za wakfu, na mamufti waliotoa fatuwa kwa kila mwenye fedha. Aliwaadhibu wengine, akawaondoa wengine, na akakataa maombezi ya maamiri. Alikuwa na haki. Lakini alikuwa mgeni. Aliendelea kuvaa mavazi ya kwao Maghrib wala hakutaka joho la makadhi wa Misri, na watu wakalichukua kuwa ni kiburi. Hakuwa na ukoo mjini, wala wanafunzi wa zamani, wala jirani wa kumtetea. Mashtaka yakamzonga kutoka kila upande.

Na katika mwaka huo huo alipatwa na msiba wa pili wa maisha yake. Barquq alikuwa amemwandikia mtawala wa Tunis awaruhusu watu wa nyumba ya Ibn Khaldun wamfuate. Waliruhusiwa, wakapakia, na chombo kikazama karibu na Alexandria. Aila yake iliyokuwa chomboni ilipotea, pamoja na mali na vitabu. Aliyekuwa amefiwa na wazazi kwa tauni sasa alifiwa na aila yake kwa bahari. Baada ya mwaka mmoja hivi kazini akauzuliwa.

Tukiitazama habari hii kwa kipimo chake mwenyewe twaona alishindwa kwa nini. Alikuwa na elimu, uadilifu na amri ya Sultani, lakini hakuwa na asabiyya. Amri ya kutoka juu ilimpa kiti, haikumpa watu. Aliteuliwa ukadhi mara sita kwa jumla na kuondolewa tena na tena, na kila mara sababu ilifanana na ile ya kwanza.

MBELE YA TIMUR

Mwishoni mwa mwaka 1400 Timur aliingia Shamu na jeshi lake. Sultani Faraj, mwana wa Barquq, alitoka Cairo kuutetea mji wa Damascus, akamchukua Ibn Khaldun katika msafara. Mara Sultani akasikia fununu ya uasi nyumbani, akarudi mbio na kuuacha mji. Januari 1401 mzee huyu wa karibu miaka 70 aliteremshwa ukutani kwa kamba akaenda kuonana na Timur hemani mwake.

Timur alimwuliza sana juu ya nchi za Maghrib, akamwamuru amwandikie sifa zake, na Ibn Khaldun akafanya hivyo kwa siku chache. Naye alimweleza Timur kwamba ufalme husimama kwa asabiyya, na kwamba ukubwa wa mamlaka huwa kwa kadiri ya watu walioshikamana nyuma yake. Alimpelekea zawadi ya msahafu, busati, nakala ya Burda na visanduku vinne vya halua ya Misri. Timur alimtaka amwuzie nyumbu wake, na baadaye alimpelekea thamani yake huko Cairo. Ibn Khaldun hakuipokea mpaka alipopata idhini ya Sultani. Alipata amani ya nafsi yake na ya baadhi ya wenziwe, lakini Damascus haikupona. Mji uliporwa, na moto uliula hata msikiti mkuu wa Bani Umayya.

MWISHO WAKE

Ibn Khaldun alifariki Cairo mwezi wa Ramadhani mwaka 808 Hijria, Machi 1406, akiwa kadhi kwa mara ya sita, akazikwa katika makaburi ya Masufi nje ya Bab al-Nasr. Wanavyuoni wa Kituruki walimsoma sana katika karne zilizofuata. Kitabu chake kilipigwa chapa Bulaq huko Misri mwaka 1857 na Paris mwaka 1858, na tangu hapo kimefasiriwa katika lugha nyingi. Watu wa historia humdai kuwa wao, na watu wa uchumi na wa elimu ya jamii pia. Wa usimamizi nao wameanza kumsoma.

Faida yetu sisi ni ipi? Hata sisi tuna kamati za misikiti na madrasa, vyama vya ushirika, maduka ya ukoo na ofisi za serikali. Mara nyingi jambo likiharibika twatafuta kosa katika hesabu au katika sheria, na kweli huenda likawako huko. Lakini Ibn Khaldun angetuuliza kwanza maswali mengine. Wale walioanza kazi hii pamoja na mkubwa wako wapi? Je, bado wanaulizwa shauri? Anayefanya kazi leo anaona aibu ikiharibika, au anangoja mshahara tu? Na vijana wanaotarajiwa kurithi, wameonyeshwa taabu ya mwanzo au wameonyeshwa kiti peke yake? Maswali haya hayahitaji fedha wala mtaalamu wa kutoka mbali. Yahitaji mkubwa akubali kuketi na watu wake kama alivyoketi nao siku ya kwanza.

Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn Khaldun.